Gari la spoti la zamani linasomeka, la leo linahitaji mtu wa kulieleza

Wadau wa magari, salaam.

Jambo hili nimelitafakari kwa muda mrefu, na leo nimeona niliandike kwa kirefu badala ya kulijibu vipande vipande kila linapozuka. Kila inapowekwa picha ya Jaguar E-Type au ya Porsche 911 ya mwanzo kando ya gari jipya la spoti lenye nguvu mara tatu yake, wengi husema lile la zamani ndilo zuri, wakiwamo vijana ambao hawajawahi hata kulisikia likiunguruma. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba ya kale ni dhahabu, na mjadala unaishia hapo. Mimi jibu hilo halinitoshi. Dai langu ni kwamba umbo la gari la spoti la zamani lilitokana na vitu vilivyokuwa ndani yake, kiasi kwamba mtu asiyejua lolote kuhusu magari angeweza kulitazama tu akakwambia injini imekaa wapi, dereva anakaa wapi na magurudumu yapi yanasukuma. Gari lilisomeka. Mengi ya leo hayasomeki, na ndiyo maana yanajazwa michoro ya kutuelekeza tuyaonaje.

Tuanze na E-Type. Ilizinduliwa Geneva mwezi Machi 1961, na bodi yake ilichorwa na Malcolm Sayer, aliyetokea kiwanda cha ndege cha Bristol na aliyejihesabu kuwa mtaalamu wa mwendo wa hewa, si mtu wa mitindo. Mikunjo ya bodi hakuichora kwa kukisia. Aliikokotoa nukta kwa nukta, katika miaka ambayo kompyuta haikuwa kitu cha kuwekwa mezani. Niliwahi kusimama kando ya moja kwa muda mrefu mpaka mwenyewe akaanza kuniangalia kwa mashaka. Paa lake liko mita 1.22 tu kutoka chini, hivyo mtu mzima hulitazama kutokea juu, kama anavyoitazama meza. Boneti inachukua karibu nusu ya gari kwa sababu chini yake kuna injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na inapofunguliwa huinuka yote pamoja na madigadi na taa, ikaegemea mbele. Katikati ya boneti pana nundu. Nundu hiyo haikuwekwa kumtisha mtu: injini ilikuwa ndefu kwenda juu, boneti ikashushwa mpaka ikakaribia kuigusa, basi ikaachiwa nafasi pale tu ilipohitaji nafasi. Pembeni yake kuna matundu membamba ya kutolea joto. Kioo cha mbele ni kipana lakini kifupi, kwa hiyo kikapewa wipa tatu badala ya mbili. Ukimaliza kulizunguka gari hilo, umeshajua namna linavyofanya kazi bila kufungua chochote.

Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 inaliweka jambo hili wazi zaidi. Wengi hudhani milango yake inayofunguka kwenda juu kama mbawa ilikuwa mbwembwe. Sivyo. Chini ya bodi kuna fremu ya mabomba membamba yaliyounganishwa pembetatu pembetatu, na ili fremu iwe imara ubavuni ilibidi ipande juu mno, hadi mahali ambapo mlango wa kawaida ungekuwa umeshaanza. Mlango huo haukuwa na pa kukaa, ukahamishiwa kwenye paa. Usukani nao ukafanywa wa kulala ili dereva aweze kupitisha miguu, na injini ikainamishwa upande ili boneti ishuke. Yaani kile kitu ambacho dunia nzima inakikumbuka kuhusu gari hilo kilikuwa suluhisho la tatizo la fundi wa fremu.

Kisha ikaja Lamborghini Miura mwaka 1966, iliyochorwa na Marcello Gandini akiwa Bertone, kampuni ya Italia ya kubuni bodi za magari, kabla hajafikisha miaka 30. Injini ya silinda 12 ililazwa kwa upana nyuma ya viti, na gari zima likabaki na kimo cha mita moja na sentimita chache. Mahali ambapo ungetarajia kioo cha nyuma pamewekwa vibao vya mlazo, kwa sababu injini iliyo chini yake inahitaji kupumua. Zile kope zinazozizunguka taa za mbele naziona kuwa pambo tu, nakiri, na sijawahi kukutana na mtu aliyezilalamikia.

Sasa niwasimulie kilichonifanya nianze kuliwaza suala hili kwa makini. Siku moja nilikuwa nikilikagua gari jipya la spoti ambalo jina lake silitaji, jekundu, lenye midomo mikubwa ya kuingizia hewa kwenye bampa, mingine nyuma ya gurudumu la mbele, na mingine tena karibu na taa za nyuma. Nikaingiza kidole katika tundu la ubavuni nione hewa inaelekea wapi. Kidole kikagonga plastiki nyeusi. Nikajaribu la pili, plastiki. Katika ile midomo yote niliyoifikia kwa mkono, miwili tu ndiyo iliyokuwa na njia ndani. Iliyobaki ilikuwa imechorwa shimo juu ya ukuta. Wahenga waliita uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na nadhani hawakuwahi kupata mfano uliowakaa vizuri kama huo. Tundu la E-Type linakwambia hapa pana joto. Tundu lile jekundu lilikuwa linaniambia kwamba waliolitengeneza walitamani niamini pana joto.

Hata hivyo si haki kuwabebesha wachoraji wa leo lawama yote, kwa sababu mikono yao imefungwa kwa namna ambayo ya Sayer haikufungwa. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kiini cha suala lenyewe.

Mtembea kwa miguu anapogongwa, mara nyingi kichwa chake huangukia boneti. Boneti ikibonyea humpunguzia pigo; ikiwa chini yake kuna injini karibu, ni sawa na kujibamiza kwenye chuma kigumu. Sheria za Ulaya za kuwalinda watembea kwa miguu zilianza kutumika kwa aina mpya za magari mwaka 2005, na zikalazimisha kuwepo nafasi kati ya boneti na injini, au kifaa cha kuiinua boneti papo hapo wakati wa ajali, kama kilichowekwa katika Jaguar XK ya mwaka 2006. Boneti ikapanda. Boneti ikipanda, mstari wa chini wa vioo vya milango nao hauna budi kupanda, la sivyo gari litaonekana limevunjika kiuno. Milango yenyewe imenenepa kwa sababu inabeba vyuma vya kuzuia pigo la ubavuni, na nguzo za kioo cha mbele zimenenepa kwa sababu zinabeba uzito wa paa gari likipinduka. Vioo vikipungua na ubavu ukarefuka, unabaki na ukuta mkubwa mtupu wa bati. Ukuta mtupu unaonekana mzito, kwa hiyo mchoraji anaukata kwa mikunjo, mmoja ukipanda, mwingine ukishuka, wa tatu ukipotelea njiani. Gurudumu la inchi 15 mbele ya ukuta kama huo lingeonekana kama la kigari cha mtoto, kwa hiyo linapanda hadi inchi 20 na zaidi. Ukiulizwa kwa nini gari la leo lina mistari mingi hivyo, sehemu kubwa ya jibu ni kwamba mistari hiyo inaficha unene.

Nambari za Porsche 911 zinalithibitisha hilo bila maneno mengi. Ile iliyooneshwa Frankfurt mwaka 1963 ilikuwa na upana wa mita 1.61 na urefu wa mita 4.16, ikiwa na uzito usiofika kilo 1,100 na tairi za upana wa milimita 165 pande zote. Kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2019 kina upana wa mita 1.85, urefu wa mita 4.52, uzito wa takriban kilo 1,500, na tairi za nyuma za milimita 295. Sentimita 24 za upana ni nyingi mno. Na bado hiyo ndiyo familia iliyojitahidi kuliko zote kubaki na sura yake.

Wala shinikizo la sheria halikuanza jana. E-Type yenyewe ilivuliwa vile vioo vilivyofunika taa za mbele kwa sababu ya masharti ya Marekani, na toleo la pili la mwaka 1968 likapewa mdomo mpana zaidi na taa kubwa za nyuma zilizoshushwa chini ya bampa. MGB, gari dogo la spoti la Uingereza, ilipofika mwaka 1974 ilivishwa bampa nene za mpira mweusi na kuinuliwa kutoka chini ili ikidhi masharti ya huko huko. Anayetaka kuona sheria ikifanya kazi ya mchoraji aweke picha za MGB za kabla na baada ya mwaka huo kando kwa kando.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu

Mdau mmoja ameandika kwamba haya ni mapenzi ya ujana, kwamba kila kizazi husifu magari kilichoyaona kikiwa na umri wa miaka kumi. Hoja hiyo ina uzito lakini haifiki mbali. Mimi nilizaliwa baada ya E-Type kuacha kutengenezwa, na sikuwahi kuiona barabarani nikiwa mtoto. Jumba la Museum of Modern Art la New York lilipoichukua E-Type mwaka 1996 na kuiweka katika mkusanyiko wake, halikuichukua kama kumbukumbu ya safari za mtu. Ninachokubaliana nacho katika hoja hiyo ni kitu kingine, ambacho mdau hakukisema: sisi tunalinganisha yaliyosalia ya zamani na yote ya leo. Magari mabaya ya miaka ya 1960 yalikwisha kuoza au kuyeyushwa, hayana wa kuyatunza wala wa kuyapiga picha, ilhali mabaya ya leo tunapishana nayo kila asubuhi. Mizani hiyo haiko sawa, na anayetetea ya zamani anapaswa kukiri hilo kwanza.

Mwingine ameuliza kama uzuri huu si uchache tu, akatoa mfano wa Ferrari 250 GTO, ambayo zilitengenezwa 36 kati ya 1962 na 1964, na moja ikauzwa mnadani mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Angeweza hata kuitaja Mercedes-Benz 300 SLR ya paa, iitwayo Uhlenhaut Coupé, iliyouzwa mwaka 2022 kwa euro milioni 135, na ambayo ziko mbili tu duniani. Lakini bei hizo zinanunua historia na majivuno, na mimi sizungumzii bei. E-Type zilitengenezwa zaidi ya 70,000. Mazda MX-5, iliyooneshwa Chicago mwaka 1989 ikiwa na taa za kufumba na kufumbua, yaani zinazojificha ndani ya bodi na kuinuka zinapowashwa, na umbo lililowakumbusha watu Lotus Elan ya 1962, imeshapita milioni moja, na bado watu husimama kuitazama ile ya kwanza. Kama uchache ndio uzuri, gari hilo lilipaswa kuwa halitazamiki.

Kuna aliyetukumbusha kwamba nyumba njema si mlango, kwamba magari haya ya zamani yalikuwa hatari, yaliyumba, yalichemka, na kwamba gari la kawaida la leo lingeyaacha barabarani. Hapo sina ubishi hata kidogo. Tena nitamwongezea silaha: magari hayo hayakuwa mepesi mbele ya hewa kama yanavyoonekana. Kipimo cha ukinzani wa hewa cha E-Type kinazidi 0.40, wakati magari mengi ya kifamilia ya leo, yasiyo na mvuto wowote, yako chini ya 0.30. Miura nayo ilijulikana kwa pua yake kuwa nyepesi mno katika mwendo mkubwa, jambo ambalo dereva hapendi kuligundua akiwa tayari katika mwendo huo. Macho yetu yanapoyaona maumbo yale yanaamini yanaiteleza hewa, na macho yanakosea. Kwa hiyo sisemi kwamba umbo la zamani lilikuwa sahihi kwa vipimo. Ninasema lilikuwa kweli kwa kile waliolitengeneza walichokiamini na kwa kile walichokibeba ndani yake, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Niongeze mfano mmoja wa namna watu wanavyotambua jambo hili hata wasipoweza kulitaja. Katika 911 ya asili, madigadi ya mbele yamesimama juu kuliko boneti, na kila moja limebeba taa ya duara kwenye ncha yake. Dereva akiwa ameketi anaona vilima viwili, na vilima hivyo vinamwonesha hasa magurudumu yake yalipo anapoingia kwenye kona. Mwaka 1997 kikaja kizazi cha 996, cha kwanza cha 911 kupozwa injini kwa maji, kikiwa kimebadilishiwa taa: ziliunganishwa na taa za kuashiria kona katika umbo moja lililomwagika pembeni, na sehemu kubwa ya mbele ikawa ile ile ya Boxster, gari la bei ya chini zaidi. Gari lilikuwa zuri kuendesha. Taa hizo zikaitwa mayai ya kukaanga, na jina hilo halijawahi kutoka. Kizazi kilichofuata, cha mwaka 2004, kilirudi kwenye taa za duara, na duara halijaondoka tena. Pengine ni kisa cha sentimita chache za plastiki. Lakini zile sentimita ndizo zilizokuwa zikisema hapa ndipo gurudumu lilipo.

Nyongeza ya pili

Nimeulizwa moja kwa moja kama kuna gari la leo ninaloliheshimu. Yapo. Alpine A110 iliyotoka 2017 ina urefu wa mita 4.18 na uzito wa takriban kilo 1,100, na wachoraji wake walirudi kwa ile ya 1962 bila kuigeuza kikaragosi. Mazda MX-5 ya sasa ni ya kiasi na imetulia. T.50 ya mbunifu wa magari Gordon Murray ina uzito usiofika kilo 1,000 ingawa imebeba injini ya silinda 12, na nyuma yake kuna feni ya upana wa sentimita 40 inayoonekana wazi kabisa, ikivuta hewa kwa kazi halisi. Hakuna aliyejaribu kuificha, na hakuna aliyechora nyingine tatu za bandia kuizunguka ili iwe na wenzake. Ukiyatazama yote matatu utaona kinachoyaunganisha ni wepesi, kwa sababu gari jepesi linahitaji breki ndogo, tairi nyembamba na matundu machache, na palipo na vitu vichache vya kubeba huwa pana vichache vya kuficha. Kizuri chajiuza, na magari haya hayapigi kelele.

Magari ya umeme nayaacha nusu njiani. Betri nzito iliyotandazwa chini ya viti huinua sakafu, na sakafu ikiinuka dereva naye huinuka, kisha paa. Mota yenyewe ni ndogo, haihitaji boneti ndefu wala mdomo mkubwa wa hewa. Basi gari la spoti la umeme lina nini cha kuonesha nje? Wengine wamejibu kwa kulichora kana kwamba bado lina injini ya silinda nane, na hilo naliona kuwa kosa lile lile la tundu la plastiki, ila kwa ukubwa wa gari zima. Mwenye jibu bora aliweke hapa, nitalisoma kwa hamu.

Nimalizie na Chevrolet Corvette Sting Ray ya mwaka 1963, kwa sababu kuna mdau ameniambia najiamini kupita kiasi. Gari hilo lilitoka na kioo cha nyuma kilichogawanywa vipande viwili na uti wa bati uliopita katikati. Bill Mitchell, mkuu wa ubunifu wa General Motors, aliupenda; Zora Arkus-Duntov, mhandisi wa Corvette, aliupinga kwa kuwa ulimzuia dereva kuona nyuma. Kwa kipimo changu mwenyewe cha umbo linalotokana na kazi, Duntov alikuwa na haki, na mwaka uliofuata uti huo ukaondolewa. Baadhi ya wenye magari ya 1963 wakaona yao yamepitwa na wakati, wakaukata uti na kuweka kioo kizima cha 1964. Leo ile ya vioo viwili ndiyo inayotafutwa kuliko nyingine zote za kizazi chake, na gari lililokatwa uti linahesabiwa kuwa limeharibiwa.

Kwa hiyo mwenye gari la miaka ya 1990 lenye taa za kufumba na kufumbua, ambaye fundi anamshauri azigandishe zibaki wazi kwa kuwa mota zake zinasumbua, ningemwomba asubiri kidogo.